Kijiti cha TV kinaganda, bando linaisha usiku: jibu kwa dada wa Ipagala

Swali: "Fundi, habari za kazi. Naishi Ipagala, hapa Dodoma. Nilinunua Fire TV Stick, kile kijiti cha Amazon kinacholeta video za intaneti kwenye TV, kwa mtu aliyerudi nayo kutoka safari, ili watoto waache kugombania simu yangu. TV yangu ni ya inchi 32. Kijiti nimekichomeka nyuma ya TV, na waya wake wa umeme nimeuchomeka kwenye tundu la USB la TV hiyohiyo. Intaneti natumia ruta ya laini ya simu, ipo chumbani. Kijiti kinajizima na kuwaka chenyewe. Kuanzia saa mbili usiku picha inaganda, ule mduara unazunguka tu. Bando la GB 20 nililojiunga Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi halikuwepo, na usiku wote tulikuwa tumelala. Mtu wa dukani ananishauri nikiuze, ninunue boksi lenye chaneli elfu moja, unalipa mara moja basi. Nifanyeje?"

Jibu: Mbukwenyi, dada yangu. Kijiti usikiuze, na hilo boksi liache hukohuko dukani. Nimesoma maelezo yako mara mbili na sijaona mahali ambapo kijiti chenyewe kimekukosea. Kimenyimwa umeme, kimewekwa mahali ambapo hakipati mawimbi vizuri, kisha kimeachiwa bando zima bila kupewa kikomo. Yote haya unaweza kuyarekebisha mwenyewe kwa siku moja, na huenda kitu pekee utakachonunua ni chaja.

Nianze na kujizima na kuwaka, maana hapo sina shaka hata kidogo: ni umeme. Tundu la USB la TV limewekwa kwa ajili ya kusoma flashi, na flashi haihitaji umeme mwingi. Kwa kiwango cha USB 2.0, tundu hilo linatoa nusu ampea kwa volti 5, yaani wati 2.5. Sasa itafute chaja iliyokuja na kijiti, igeuze, usome yale maandishi madogo ya kijivu karibu na pini. Kwenye nyingi utakuta 5V na 1A, yaani wati 5, mara mbili ya kile ambacho TV inatoa. Kijiti kikiwa kwenye ukurasa wa mwanzo kinavumilia. Ukifungua video, chipu ya picha na redio ya Wi-Fi zinavuta umeme kwa pamoja, volti inashuka, kinazimika na kuanza kujiwasha upya. Wewe unaona kifaa kibovu, kumbe kimepewa nusu ya chakula chake.

Kwa hiyo waya wa umeme utoe kwenye TV, uupeleke kwenye chaja ya ukutani. Kama chaja ya asili hukupewa, tumia chaja nzuri ya simu yenye 5V na ampea 1 au 2. Watu wengi wanaogopa ampea 2 kwamba zitakiunguza kijiti. Haziunguzi. Kinachotakiwa kulingana ni volti. Ampea ni kama maji kwenye tangi, kifaa kinachota kinachokitosha. Na kama kijiti kilitoka Marekani, chaja yake ina pini mbili bapa. Soma sehemu ya umeme unaoingia: ikiwa imeandikwa 100-240V, hapa kwetu kwenye volti 230 inafanya kazi bila wasiwasi, unahitaji adapta ya pini tu. Ikiwa imeandikwa 120V peke yake, usiichomeke kabisa.

Waya nao uangalie kwa makini. Mwaka jana niliitwa Kizota kwa mzee mmoja aliyekuwa amekwisha kununua kijiti cha pili baada ya cha kwanza "kufa". Nilivikuta vyote viwili vizima. Waya aliokuwa akiutumia ulikuwa wa mita tatu, mwembamba, laini mno mkononi, ndani yake shaba kiduchu. Umeme ulikuwa unapotea njiani kabla haujafika. Nikaweka waya mfupi na mnene wa chaja ya simu ya mjukuu wake, kijiti cha kwanza kikawaka na hakikuzima tena. Cha pili kiko chumbani kwa wajukuu.

Ukishahamia ukutani, pitisha TV, kijiti na ruta kwenye kinga ya umeme, ile ambayo mafundi tunaiita gadi. Umeme ukikatika na kurudi, dakika ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa kuwa volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Gadi husubiri kidogo kabla ya kuruhusu umeme upite, na kusubiri huko ndiko unakokulipia.

Sasa bando, maana hapo ndipo pesa inapovuja. Kuna hesabu moja naomba uishike. Kasi ya intaneti inapimwa kwa megabiti kwa sekunde, yaani Mbps. Video inayovuta Mbps 1 mfululizo kwa saa nzima inakula GB 0.45. Ukijua video inavuta Mbps ngapi, zidisha kwa 0.45, umepata GB za saa moja. Ukali wa picha nao una majina yake, kuanzia 480p ya chini, 720p, 1080p, hadi 4K ya juu. YouTube wenyewe wanashauri uwe na Mbps 1.1 kwa picha ya 480p, 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 20 kwa 4K. Video nyingi huvuta pungufu ya hapo, lakini kwa kupanga matumizi chukua namba hizo zilivyo. Kwa hiyo 480p ni kama nusu GB kwa saa, 720p ni GB 1.1 hivi, 1080p ni GB 2.25, na 4K ni GB 9. GB 20 zako kwa 480p zinakupa saa 40. Kwa 1080p hazifikishi saa 9.

Turudi kwenye usiku ule wa Jumamosi. Tuseme watoto walikuwa wanatazama katuni, ukafika muda wa kulala, ukazima TV kwa rimoti saa nne. TV ilizima. Kijiti hakikuzima. Baadhi ya TV zikizimwa kwa rimoti bado zinapeleka umeme kwenye tundu la USB, na yako nahisi ni miongoni mwao. Katuni moja ikiisha, YouTube inaanzisha nyingine yenyewe. Wakati mwingine husimama na kuuliza kama bado unatazama, lakini huchukua muda mrefu kabla ya kuuliza. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane. Nane mara 2.25 ni GB 18. Ongeza katuni za jioni ile, bando halipo.

Usiniamini kwa maneno, pima. Leo usiku zima TV kwa rimoti kama kawaida, subiri dakika ishirini, kisha peleka mkono nyuma ukakishike kijiti. Kikiwa kimepoa, umeme umekatika. Kikiwa cha moto kama kikombe cha chai, kinafanya kazi gizani. Na ukishahamia chaja ya ukutani, jambo hili litakuhusu zaidi, kwa sababu ukuta haukati umeme eti TV imezimwa.

Dawa yake ni tabia pamoja na mipangilio michache. Tabia: kabla ya kuzima TV, bonyeza kitufe chenye picha ya nyumba ili video ifungwe, halafu kibonyeze tena kwa kukishikilia mpaka itokee menyu ndogo, uchague kukilaza kijiti. Wafundishe watoto, wao wataishika kuliko wewe. Mipangilio: ndani ya YouTube zima ile ya kucheza video inayofuata yenyewe. Kisha washa CEC kwenye TV, ni mfumo unaowezesha TV na kijiti kuambiana kupitia HDMI, lile tundu la TV ulikochomeka kijiti: ukizima TV, kijiti nacho kinalala. Kila kampuni imeupa jina lake. Samsung wanauita Anynet+, LG wanauita SimpLink, Sony wanauita Bravia Sync, na kwenye TV nyingine nyingi utaukuta kama HDMI CEC. Faida yake nyingine ni kwamba rimoti ya kijiti itawasha TV na kuongeza sauti, ile ya TV unaweza kuiweka kabatini. Ukiona yote haya ni mlolongo, swichi ya soketi ipo. Izime ukienda kulala.

Kuna uvujaji mwingine mdogo ambao watu hawauoni. Ukurasa wa mwanzo wa Fire TV unaanza kucheza matangazo ya filamu kila ukipita juu yake, na hayo nayo ni video, yanakula bando lako. Ingia kwenye mipangilio, nenda kwenye mapendeleo, tafuta sehemu ya maudhui yanayotangazwa juu ya ukurasa, uzime video na sauti zinazojianzisha. Hapohapo kwenye mapendeleo kuna sehemu ya kufuatilia matumizi ya data. Iwashe, iwekee kikomo cha mwezi, na ushushe ubora wa video kutoka ule wa juu kabisa kuja wa kati au wa chini. Kijiti kitakuonya unapokaribia kikomo.

Hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ya TV yako. TV nyingi za inchi 32, hasa zile za bei ya kawaida, kioo chake kina nukta 1366 kwa 768. Zidisha utapata nukta milioni 1 na kidogo. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Lakini TV hiyo ikipokea picha ya 1080p haiikatai, inaipunguza ili iingie kwenye kioo chake, na kijiti hakijui kinachoendelea. Kwa hiyo unalipia GB 2.25 kwa saa, nusu ya nukta hizo TV inazitupa. Nimeona nyumba nyingi sana zinafanya hivi miaka nenda rudi. Angalia kibandiko cha nyuma ya TV au kitabu chake. Ukikuta 1366 x 768, ingia kwenye mipangilio ya skrini ya kijiti, ondoa ile ya kujichagulia yenyewe, weka 720p. Programu nyingi zikiona hivyo haziombi picha kubwa zaidi. Kwa YouTube hakikisha pia kwenye alama ya kigurudumu chenye meno wakati video inacheza. Kwa katuni za watoto shusha mpaka 480p. Zile rangi pana na mistari minene ya katuni hazipotezi kitu, na ukikaa mita tatu kutoka kwenye kioo cha inchi 32 utajitahidi sana kuona tofauti.

Netflix wana njia yao: unaingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu, unachagua wasifu, unabadilisha matumizi ya data. Kiwango cha chini ni GB 0.3 kwa saa, cha kati 0.7, cha juu kinaweza kufika GB 3 kwa picha ya HD. Mpe kila mtu wa nyumbani wasifu wake na kiwango chake.

Kuganda kuanzia saa mbili usiku kunaweza kuwa na sababu mbili, na lazima uzitenganishe kabla hujatoa hata shilingi. Ya kwanza ipo nje ya nyumba: muda huo watu wamerudi kutoka kazini, kila mmoja ameshika simu, na mnara mmoja unagawana kasi kwa wote. Ya pili ipo ndani: ruta iko chumbani, TV iko sebuleni, katikati kuna kuta za tofali, na kijiti kimejificha nyuma ya TV yenye mabati na saketi zake. Kipimo ni hiki. Saa mbili usiku, chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya ruta, fungua fast.com, ukurasa wa kupima kasi unaomilikiwa na Netflix. Pima ukiwa umesimama kando ya ruta, andika. Nenda uweke simu nyuma ya TV, palepale kilipo kijiti, pima tena, andika. Rudia saa nne asubuhi. Usipime mara nyingi mfululizo, kupima nako kunakula bando.

Namba za kando ya ruta zikiwa nzuri na za nyuma ya TV zikiwa mbaya, tatizo ni la nyumbani kwako na tiba yake ni bure. Kwenye boksi la kijiti kulikuwa na kijiwaya kifupi cha HDMI, watu wengi hukiacha humohumo. Kitoe. Kinakifanya kijiti kining'inie pembeni ya TV badala ya kujibanza nyuma yake, kinapata mawimbi na kinapata hewa. Kwa joto letu la Oktoba na Novemba na vumbi hili la Dodoma, hewa si jambo dogo. Kijiti kikichemka sana hujipunguza kasi chenyewe ili kisiungue, na wewe utadhani ni mtandao. Kila baada ya wiki chache pitisha brashi kavu ya rangi nyuma ya TV. Halafu ihamishe ruta. Iweke sebuleni, juu, karibu na dirisha, mbali na friji. Ruta ya laini ya simu ina kazi mbili: kusikia mnara na kusikika na TV. Chumbani kwako huenda inasikia mnara vizuri lakini TV haiisikii. Jaribu madirisha mawili matatu ya sebuleni kabla ya kuchagua.

Ruta yako kama ina mawimbi ya aina mbili, 2.4 GHz na 5 GHz, jua tabia zake. Ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri lakini yana msongamano, kwa kuwa ruta za majirani na Bluetooth zote zimo humo. Ya 5 yana kasi zaidi lakini ukuta unayachosha haraka. Ruta na TV zikiwa chumba kimoja, tumia 5. Zikitenganishwa na kuta mbili, baki na 2.4.

Namba zikiwa mbaya hata kando ya ruta, na asubuhi zikawa nzuri, basi ni mnara umeelemewa, na hakuna kijiti wala boksi litakalokusaidia. Ukipata Mbps 2 saa mbili usiku, weka 480p, itapita bila kuganda. Kama jirani anatumia mtandao mwingine na unamwendea vizuri, azima laini yake jioni moja uijaribu kwenye ruta yako, ikiwa ruta haijafungwa kwa mtandao mmoja. Na kama faiba imefika mtaani kwenu na unatazama kila siku, piga hesabu ya mabando unayojiunga kwa mwezi mzima, uilinganishe na malipo yake. Usisahau mabando madogomadogo ya kuokoa jahazi.

Kuna jambo ambalo natamani kila mwenye kijiti alijue: Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni barabara ya ndani ya nyumba yako. Intaneti ni barabara kuu inayoanzia kwenye ruta kwenda nje, na bando ni la hiyo ya nje tu. Video inayosafiri kutoka kwenye kompyuta yako ya chumbani hadi kwenye TV ya sebuleni haigusi bando hata kidogo. Ruta inaweza kuwa haina hata MB moja na bado ikafanya kazi hiyo.

Tumia hivi. Siku una bando, weka VLC kwenye kijiti, ni programu ya kuchezea video, ni ya bure na ipo kwenye duka la programu la Fire TV. Kwenye kompyuta tengeneza folda moja, weka humo video ya harusi ya mdogo wako, ubatizo, mahafali, katuni ulizozipata kihalali, kisha bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia uiruhusu ionekane kwenye mtandao wa nyumbani. Fungua VLC kwenye TV, nenda sehemu ya kutazama mtandao wa ndani, utaikuta kompyuta yako kwa jina lake. Bando likiisha, ukurasa wa mwanzo wa Fire TV utalalamika kwamba hakuna intaneti. Usihangaike nao. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu zilizowekwa, chagua VLC, ifungulie hapo.

Video za harusi zinakuwa kubwa, na hapo watu hukwama: flashi inakataa faili wakati nafasi ipo tele. Sababu ni kwamba flashi nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Kwa kompyuta na Wi-Fi tatizo hilo halipo. Njia nyingine ni kuipanga flashi upya kwa NTFS au exFAT na kuichomeka moja kwa moja kwenye TV yenyewe, TV nyingi zinaisoma. Kupanga upya kunafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hamisha kwanza.

Nije kwenye boksi la chaneli elfu moja, maana hili linanisumbua moyo. Maboksi hayo yanatumia Android ya wazi, isiyothibitishwa na Google, na anayeliandaa anaweza kuweka humo chochote kabla halijafika kwako. Januari 2023 mtaalamu mmoja wa Canada alinunua boksi aina ya T95, akakuta virusi vimo ndani tangu linatoka kwenye pakiti. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu mtandao wa kihalifu ulioitwa BADBOX 2.0, na Julai mwaka huohuo Google ikafungua kesi New York dhidi ya wanaouendesha, ikisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeambukizwa. Vinachofanya ni kuikodisha nyumba yako. Wahalifu walio mbali wanapitisha shughuli zao kwenye intaneti yako, ili wakitafutwa ionekane zilitoka kwako. Bando ni lako na anwani ni yako. Na kila nywila unayoiandika humo, ya barua pepe au ya akaunti nyingine, umeiandika mbele ya mtu usiyemjua.

Hata bila virusi, hasara ipo. Huduma kama Netflix hazitoi picha ya HD kwa kifaa kisichothibitishwa, kwa hiyo boksi linaloandikwa 4K au 8K kwa wino mkubwa linaweza kukuonesha Netflix ya kiwango cha simu ya zamani. Chaneli zenyewe ni za wizi. Hapa Tanzania Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na chaneli hizo zikizimwa huko zinakotoka, hela yako ya "mara moja basi" haina wa kumdai. Kulitambua si vigumu. Ukiliwasha ukaona skrini kama ya tableti, rimoti ina kishale cha panya, na muuzaji anakwambia uzime Play Protect, ulinzi wa Google dhidi ya programu hatari, rudisha. Kama siku moja utahitaji kifaa kingine, kitafute chenye Google TV au Android TV halisi, kama vile vya Xiaomi, au ubaki na Fire TV.

Kuhusu mpira sikushauri uache king'amuzi kama unacho. Mechi ya moja kwa moja kwenye intaneti inachelewa sekunde nyingi nyuma ya setilaiti. Jirani mwenye dishi atashangilia goli wakati kwako mpira bado uko katikati ya uwanja. Tena mechi ya moja kwa moja haina akiba ya kutosha ya picha iliyopakuliwa mapema, mnara ukiyumba kidogo inaganda. Mimi kwangu ligi natazama kwa king'amuzi, kijiti ni cha mengine yote.

Mengine ni mepesi. Kijiti kikianza kuwa kizito, angalia nafasi: vingi vina GB 8 tu na sehemu kubwa imechukuliwa na mfumo wenyewe, kwa hiyo ondoa programu usizotumia na ufute akiba (cache) ya zile kubwa. Kikiganda kabisa, usichomoe waya. Shikilia kitufe cha kati na cha kucheza kwa pamoja sekunde chache, kitajiwasha upya. Rimoti ikipotea, programu ya Fire TV ya kwenye simu inafanya kazi yake. Watoto watengenezee wasifu wao ndani ya YouTube na uweke namba ya siri kwenye manunuzi, kwa sababu kijiti cha mtu aliyekuuzia huenda bado kina akaunti yake. Kama ni hivyo, kirudishe kwenye hali ya kiwandani leo hii, kisha ufungue akaunti yako.

Anza na chaja na kijiwaya cha HDMI. Ukishapima, niandikie namba zako: kasi ya kando ya ruta na ya nyuma ya TV saa mbili usiku, hizohizo saa nne asubuhi, na kilichoandikwa kwenye kibandiko cha TV. Nikizipata nitajua kama ruta ihame tu, au ni wakati wa kubadilisha laini.